Uzito

Mehrunisa hajui kusoma, ila bodi za saketi anazisoma:
hii ya redio, ile ya kompyuta, hii nyembamba ya simu
iliyotamba msimu mmoja, kisha ikaja nyingine
yenye kamera tatu badala ya mbili.

Kingoni mwa mto Ramganga, hapo Moradabad,
anachoma, anaponda, anachekecha jivu majini.
Baba mkwe alikuwa mfua shaba: sinia, birika, vikombe vya harusi,
vitu vya kurithiwa, vilivyozeeka pamoja na wenyewe.
Vinavyoletwa leo havina hata mkwaruzo.
Mto una rangi ya chai iliyochacha.
Kikohozi chake hakina likizo.

Jana Faizan, kitindamimba, kagoma kula.
"Yangu imepitwa na wakati, mama. Wananicheka."
"Inaita?"
"Inaita."
"Ukipigiwa, inapokea?"
Kimya.

Basi wakaenda dukani, deni la miezi kumi na minane.
Muuzaji, tai shingoni, akaisifu weee:
kioo, kasi, betri, rangi ya alfajiri.
Mehrunisa akaiweka kiganjani, akafumba macho
kama anayepima bizari sokoni.

"Jivu lake," akasema,
"halijazi kijiko."

Muuzaji akacheka, akidhani ni utani.
Faizan hakucheka.
Alibandua utando wa plastiki juu ya kioo
polepole, asije akauumiza,
na njia nzima ya kurudi nyumbani
akaishika kwa mikono miwili.