Majembe Saba

Karani wa chifu pale Jilore
aliniuliza kazi ya marehemu.
Nikamwambia, alilima.
Akauliza, aliajiriwa na nani?
Nikanyamaza. Akaandika: hakuna.

Basi niandike mimi,
kwa kalamu hii ya kuazima,
kabla wageni hawajamaliza chai.

Mbodze binti Thoya hakuhesabu miaka.
Alihesabu majembe.
Jembe jipya, alisema, ni pana kama uso wa mtoto;
ukiliacha limekuwa ulimi wa mbuzi.
Na chuma kimekwenda wapi?
"Udongo umekula. Nasi tunakula udongo.
Hatudaiani."

La kwanza mpini wake ulikatwa mfupi,
mwenyewe akiwa bado wa kufukuza nyani kwa debe.
La pili alipewa na mama mkwe,
bila tabasamu, pamoja na konde
lililoinamia Sabaki kama mtu anayekunywa.

La tatu mto ulilichukua.
Usiku mmoja maji yaliingia bila hodi,
yakabeba kuku, kinu, mlango.
Alitoka na mtoto mgongoni, mwingine kifuani,
na mbegu za mahindi amezifunga ndani ya kilemba.
Mlango hakuulilia.
Lakini hata juzi, macho yakiwa na ukungu,
alilikumbuka jembe lile:
"Lilikuwa halijafika nusu."

La nne lina kesi.
Shangazi Kadzo asema liliuzwa, karo ya Chengo.
Mwenyewe alikana: liliwekwa rehani
kwa mwenye duka Kakuyuni,
likarudi msimu wa pamba,
gunia kichwani hadi Malindi kwa miguu,
na mizani ya kiwandani ikisema uongo
ambao yeye aliujua hadi nusu ratili.
Chengo akasoma. Leo ana tai.
Ndiye aliyelipia hema hili.

La tano sijui.
Ni miaka ya ugonjwa wa babu.
Hakuisimulia.

La sita lilikuwa la ndovu.
Walitoka msitu wa Arabuko mahindi yakiwa na ndevu,
naye akasimama gizani, mjane, kanga moja,
akilipiga jembe kwa jiwe, ngwe, ngwe, ngwe,
akiwatukana kwa majina ya shemeji zake.
Waliondoka.
Shemeji mmoja hadi leo hamsemeshi mtu.

Msidhani alikuwa malaika.
Alitupiga kwa mwiko. Alificha sukari.
Vidole vyake, vilivyobabuliwa na maji ya korosho,
havikujua kubembeleza;
vilikushika kidevu kama vinavyopima muhogo.
Lakini usiku nilipopata pepopunda,
na hospitali kubwa ikiwa mbali,
vilinishika hivyo hivyo hadi asubuhi
na sikufa.

Chengo alimletea kochi kutoka Mombasa,
jekundu, lenye nailoni yake.
"Mama, sasa upumzike."
Alilitazama, akalishukuru,
akaanikia kunde.

Jembe la saba liko hapa, ukutani.
Asubuhi vijana waliochimba walikosa la tatu,
wakaja kuuliza kwa aibu.
Nikalitoa.
Lilirudi limeliwa kidogo tena,
upana wa ukucha, labda.

Karani, nimeipata ile karatasi yako.
Sijaifuta. Nafasi uliyoacha ni ndogo,
na mimi mwandiko wangu mkubwa.

Tena hapa sipo sana.
Kunde alizozipanda wiki mbili kabla
zimetoa majani matatu matatu,
na magugu hayajui kuwa kuna matanga.
Kesho, kabla ya uji,
nitaupunguza mpini:
yeye alikuwa mrefu kuliko mimi.