Lebo za Bi Ornella

Mwaka wa kwanza niliandika Orchis morio,
wino mweusi, herufi za kulala,
nikaibandika lebo chini ya ua lililokaushwa
enzi za baba yake, huko milimani kwao.
Hapa Malindi, mtaa wa Casuarina,
unyevu unakula gundi. Kila masika nabandika upya.

Kisha ikaja barua ya mpwawe, mwalimu wa chuo:
Morio si Orchis tena.
Wamechunguza nasaba, wamemkuta na ndugu wengine.
Andika Anacamptis.
Nikaandika.
Na yule Aceras, aliyeitwa hivyo kwa kukosa pembe,
akahamishiwa kwa akina Orchis, wenye pembe zao,
naye hadi leo hajaota pembe.
Nigritella, kijeusi kinachonukia vanila,
akamezwa mzima na Gymnadenia.

"Usifute," Bi Ornella akaniambia. "Piga mstari mmoja,
la zamani lisomeke."
Hata aliyelipa ua jina la kwanza hatupwi:
hufungiwa kwenye mabano
kama babu aliyepewa chumba cha uani.

Mamangu alizaliwa Ganze, siku ya mvua, akaitwa Nyevu.
Alipoolewa Shela akasilimu, akawa Mwanaidi.
Nilipozaliwa akawa Mama Zulfa,
na kitambulisho chake kinasema Nyevo,
kosa la karani aliyekuwa na haraka ya chakula cha mchana.
Mwezi uliopita, hospitalini, faili haikuonekana.
"Huyu hayuko," dirisha likasema.
Yuko. Yule pale kwenye benchi,
leso ya buluu, anatafuna korosho,
mguu umemvimba, kwa jina lolote mtakalo.

Jioni niliazima kalamu ya Bi Ornella.
Nikakata kadi, nikaandika Nyevu, mstari,
Nyevo, mstari,
Mwanaidi,
kisha mabano, ya yule mkunga aliyemwita wa kwanza.
Jina la mkunga silijui. Mama naye kalisahau.
Mabano yamebaki matupu.

Leo barua nyingine: wapo wanaobisha,
huenda Nigritella akarudishiwa jina lake.
Bi Ornella amecheka mpaka miwani ikamtoka.
"Tuandike?"
"Ngoja kwanza."
Ua lenyewe limelala kwenye karatasi, jeusi,
harufu ilishakwisha zamani.
Nimeacha nafasi chini yake, upana wa vidole viwili,
na gundi nimeifunika.