Bahasha ya Tano

Arlette alizipanga juu ya kitanda cha hoteli
kabla hajavua viatu:
ya Jumatatu, dola arobaini,
ya Jumanne, arobaini,
ya Jumatano, arobaini na tano, kwa kuwa ndiyo siku
tuliyooana, mwaka ule vumbi lilipofunga barabara za Bakersfield
na kasisi akafika saa tisa, akikohoa.
Ya nne, bakshishi za wahudumu.
Ya tano, petroli ya kurudia. Ameiandika kwa kalamu nyekundu:
HAIGUSWI.

Chumba ni cha bure. Ndivyo barua ilivyosema,
karatasi nene, jina langu kwa wino wa dhahabu:
Bwana Wendell Stroud, mgeni wetu wa heshima.
Miaka thelathini na moja nilipakia makreti ya karoti,
hakuna aliyeniita wa heshima.

Hapa kadi inaning'inia shingoni kwa kamba ya kujikunja;
naichomeka, mashine inanisalimu kwa jina.
Kila dola tano zinazopita, pointi moja.
Zinazopita, anasema Arlette, siyo zinazobaki.
Yeye ndiye mwenye hesabu:
sahani ya kamba kwa wawili, pointi mia mbili,
yaani dola elfu moja zizunguke tumboni mwa mashine,
ziende, zirudi, ziende,
zirudi zimekonda.
Kamba ni kamba,
wa baharini au ya shingoni.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Siku ya kwanza walitupa kahawa na mwavuli.
Mwavuli! Laughlin, katikati ya jangwa la Nevada.
Siku ya pili, keki ya chungwa.
Ya tatu wakatukabidhi jembe, nasi tukalima,
mimi kwenye mashine ya nyati, yeye kwenye ile ya samaki,
senti kumi kumi, tukipalilia taa.

Saa kumi jioni bahasha ya Jumatano ilikuwa karatasi tu.
Renaldo, kijana wa mapokezi mwenye kalamu sikioni,
akatusomea skrini:
"Zimebaki kumi na moja tu, Bi Stroud."
Hapa duniani sijaona neno ghali kama hilo "tu".

Arlette akasema, basi.
Akatoa mkate wa mayai ndani ya karatasi ya fedha,
tukala kando ya mto, bata wakigombea maganda.
Kisha akasema anakwenda kulala kidogo.
Nami nikasema nakwenda kunyoosha goti.

Nilihesabu kumi na moja kwa vidole, sikuzidisha.
Lakini saa mbili usiku, kwenye hesabu yetu ya pamoja,
skrini ilisoma mia mbili na kumi na mbili.
Nikadhani mashine, mara hii moja, imekosea kwa hisani.

Tukala kamba. Walikuwa baridi katikati.
Arlette alimenya wake, akamenya na wangu,
mikia akaipanga safu ukingoni mwa sahani.
"Bei gani hawa?" akauliza.
"Bure."
"Bure," akasema naye, akapangusa midomo.

Asubuhi, kituo cha mafuta cha Needles,
nikaifungua bahasha ya tano, mgongo nimempa.
Nilikuwa nimechukua ishirini.
Pengo lilikuwa la arobaini.
Nikageuka. Alikuwa anatazama bei ya galoni kwenye bango
kwa makini ya mtu anayesoma Zaburi.

Hatukusemezana.
Tulivuta kile kisahani cha majivu garini,
tukachambua sarafu, zake goti lake, zangu goti langu,
mpaka nyingine zikaanguka katikati ya viti
na hatukujua za nani.

Tulipopita Ludlow, tone moja la mvua
liligonga kioo. Moja. Tukalisubiri la pili.
"Mwavuli tunao," akasema Arlette.