Milivolti Nne na Nusu

Ghorofa ya chini kabisa, Kiel, saa nane usiku.
Basi la mwisho limepita, lifti imezimwa,
na Wiebke amevua viatu, anatembea kwa soksi,
maana hata kisigino chake ni tetemeko la ardhi
kwa hicho anachokichungulia.

Ndani ya pipa la chuma heliamu inachemka taratibu,
nyuzi nne tu juu ya ukomo wa baridi yote.
Anateremsha ncha. Si kugusa. Kukaribia,
mpaka elektroni zianze kuvuka pengo
moja moja, kama watu wanaochelewa msibani.

Na hapo ipo: molekuli,
majani manne yamelala juu ya dhahabu,
kitovuni chembe moja ya chuma.

Jana alipima mia na saba. Zote kimya.
Detlefsen alisema sampuli imechafuka,
ipashe moto, anza upya.
Hakuipasha.

Anapandisha volti. Mstari kwenye skrini umenyooka,
umenyooka,
umenyooka,
kisha unaruka juu, kidato kimoja.
Ng'ambo ya sifuri, kidato pacha.
Elektroni iliyopita imelipa ushuru mdogo,
na spini iliyolala imegeuka ubavu,
ikalala tena
kabla neno "ona" halijatoka mdomoni.

Hapigi kelele. Anarudia mara arobaini.
Anawasha sumaku: kidato kinasogea, kama alivyotarajia,
na hilo ndilo linalomtia hofu.

Kuuliza si ujinga. Lakini hapa kuuliza ni kusukuma:
ncha ikizidi kukaribia, hata kwa nusu ya atomu,
jibu linabadilika,
kama mtoto aliyebanwa kwa maswali
anayeanza kusema unachotaka kusikia.
Basi anairudisha nyuma kidogo.
Anaipa molekuli nafasi ya kuwa yenyewe,
kama ipo hali hiyo,
kama kuna chochote kilicho chenyewe kikitazamwa.

Saa kumi na moja alfajiri lori la taka linapita.
Mstari unapapatika. Ncha inagonga.
Palipokuwa na majani manne
pana shimo.

Wiebke anaandika kwa penseli:
*Ya mia na nane. Milivolti nne na nusu.*
Anasita. Anaongeza: *Ilijibu.*
Kisha anatafuta viatu vyake chini ya meza.

Nje, mzoa taka anampungia mkono,
mtu mchangamfu, kofia ya sufi, hajui lolote.
Naye anampungia.