Vigingi Viwili

Baba aliacha chusa juu ya boriti ya jikoni
na vigingi viwili vya mti mgumu, urefu wa kidole gumba,
vimefungwa pamoja kwa uzi wa nyavu.
Mimi nimeshika chupa ya maziwa.

Huku Japurá tunamwita samaki-ng'ombe.
Si samaki. Si ng'ombe.
Huyu ana miezi minne, ngozi ya mpira uliolowa,
baka jeupe kifuani kama aliyemwagikiwa uji.
Tumempa jina Tucumã,
maana mama yake alinasa wavuni chini ya mti huo,
naye alikutwa akizunguka, akizunguka.

Mwili huu niliujua kabla ya kujua kusoma.
Niliujua kwa kisu, nina miaka tisa,
nikimmulikia Baba taa:
mbavu nzito, hazina uwazi ndani, jiwe tupu.
"Hii ndiyo nanga yake," alisema,
"wengine hubeba, yeye kazaliwa nayo."
Mapafu marefu yamelazwa mgongoni, mpaka karibu na kiuno,
ndiyo sababu huelea sawasawa, kichwa hakiinuki, mkia hauzami,
kama mtu aliyeshiba akalala kwenye bembea.
Na magego yanayotembea!
La mbele likichakaa kwa nyasi na mchanga hung'oka,
la nyuma husogea, foleni ya maisha yote.
Bibi Eufrázia, aliyebakiwa na meno mawili,
aliyatazama yale kwa wivu wa wazi.

Mafuta tuliuza kwa debe.
Nyama tuliikaanga, tukaihifadhi ndani ya mafuta yake mwenyewe.
Sitasema haikuwa tamu.

Habari za pua Baba hakunieleza. Niliona.
Akizama, pua hujifunga zenyewe, ngozi juu ya ngozi, tone haliingii.
Akiibuka, hufunguka kidogo tu,
pumzi moja yenye harufu ya majani yaliyochacha,
kisha kimya, dakika kumi, ziwa kama halina mtu.
Baba alingoja hapo hapo.
Chusa ilimchosha tu.
Kilichomuua kilikuwa kigingi:
kimoja kulia, kimoja kushoto, na nyundo.
Mlango aliopewa ili asife maji,
sisi tuliufunga kwa nje.

Sasa ni kiangazi. Ziwa limerudi nyuma, limeacha matope na mitumbwi juu ya nyasi.
Wakubwa wamekwenda kwenye kina kirefu, hawali,
mwezi, miezi, wanaishi kwa mafuta yao,
damu ikienda taratibu kama isiyodaiwa na mtu.
Huyu mdogo hajui kungoja.
Usiku ananifuata kwa ndevu za mdomo,
ananisoma mkono kipande kwa kipande,
kovu, saa, mfupa wa kiwiko,
anapita chupa, anapanda,
ananisukuma kwapani.
Huko ndiko mama zao waliko na ziwa.
Sina la kumpa huko, namrudisha kwenye chupa.
Dakika moja, anarudi kwapani.

Wiki iliyopita tangi lilivuja.
Tulijaribu nguo, lami, sabuni ya kipande.
Nikapanda juu ya kiti, nikakata uzi wa nyavu.
Kigingi kimoja kiliingia barabara, maji yakatulia,
Tucumã akaibuka, akapumua, akazama.

Cha pili sijakipatia kazi.