Dege la Fundi Feni

Sikutaka la mabawa, mapana ya kujidai,
Linapaa kama njiwa, polepole, halifai;
Jembamba nikachaguwa, linalompita tai.
Mhando kaguna: "Haya, utashindia kwa chai."

Mabawa nikayakata; mlingoti wa mkonge
Wa Pongwe nikaupata, usiku kucha nichonge.
Magurudumu ni vita na upepo: niyatenge.
Mota nikaipakata, waya upya niusonge.

Kwa vidole nalipima: pua nzito, sikubali;
Betri yasogea nyuma, upana wa kucha mbili.
Feni za watu zakwama, wateja wote wakali;
Panga fupi languruma, kuku wamehama mbali.

Jumamosi, uwanjani, Mabokweni tumefika.
Likatoka mkononi, jicho nyuma likasaka!
Mhando, kimya pembeni, akasahau kucheka.
Magurudumu nyumbani; sasa nawaza kushuka.