Kiasi na Asili

Ndoo nyeupe imefunikwa kifudifudi
katikati ya tuta la uwele, Mpwayungu.
Saa nne asubuhi, jua limeshaota meno.
Nachoma sindano kwenye kizibo cha mpira,
navuta taratibu, nahesabu hadi ishirini,
naitia pumzi ya shamba kichupani
na kuandika: M-11, sifuri.
Baada ya dakika kumi, tena.
Baada ya dakika kumi, tena.

"Umevuta nini?" anauliza Nyemo Chilongani,
mwenye shamba, jembe begani.
"Hewa. Ile inayotoka udongoni
ikapanda juu kuongeza joto."
Anaitazama ndoo. Anaitazama mbingu ya Januari,
imefungwa kama duka la mwenye madeni.
"Basi pima na kikohozi changu."

Ujerumani, Anke naye ana ndoo,
ya chuma, inajifunga na kujifungua yenyewe
juu ya ngano iliyotiwa mbolea mara tatu.
Usiku tunapelekeana namba.
Kwa hekta, shamba lake linahema kama fahali;
la Nyemo, kama mtoto aliyelala.
Nilifurahi, nakiri,
kama mtu ambaye timu yake imefunga bao ugenini.

Ila safu ya mwisho ya jedwali haiulizi hekta.
Inauliza: kwa kila kilo ya nafaka?

Darasa la tano mwalimu Ndahani
alituchorea mstari ubaoni:
cha juu ni kiasi, cha chini ni asili.
Asili ikipungua, alisema, akigonga chaki,
sehemu inakua
hata kama kiasi hakijaguswa.

Mvua ilikata wiki tatu, uwele ukiwa na mimba.
Masuke yaliyobaki yakashukiwa na kweleakwelea,
wingu lenye midomo.
Nyemo na wanawe walipiga madebe
hadi mikono ikasahau kushika kijiko.
Ndege hawakula uwele tu.
Walikula asili.

Magunia mawili. Nikagawa.
Yule mtoto aliyelala akaamka kwenye jedwali
akihema kumshinda fahali wa Anke.
Anke akaandika: "Hakiki hesabu."
Nimehakiki, Anke. Hesabu ni nzima.
Njaa ndiyo haina safu.

Shamba la jirani, M-14, la Masima,
halikutoa hata kibaba.
Nikagawa kwa sifuri.
Kikokotoo kikaandika: KOSA.
La nani, hakikusema.

Mwezi wa sita nilirudi kukusanya vifaa.
Ndoo moja nimeiacha; inafunika vifaranga, mwewe wasiwaone.
Nyemo akanikaribisha ugali wa uwele na mlenda.
Nilimchorea mstari wa mwalimu Ndahani
mavumbini, kwa kijiti:
moshi wenu huku juu, chakula chenu huku chini.
Akauangalia muda mrefu, akitafuna.

"Huko kwa mwenzio, ngano yote hiyo wanaimaliza?"
"Nyingine wanalisha nguruwe."
"Nguruwe."
"Ndiyo."
Akasogeza bakuli la mlenda upande wangu.
"Sasa huyo nguruwe mmemwandika juu, au chini?"

Nikakata tonge.
Lilikuwa la moto, nikalishika hivyo hivyo.